Jino lililonyamaza: tunajuaje kama jino la mtoto lililoumia bado liko hai?

Mtoto wa miaka 8 anakimbizana na wenzake wakati wa mapumziko. Anateleza, mdomo unagonga ukingo wa saruji. Jino la mbele la juu, lile kubwa lililoota mwaka jana tu, linacheza kidogo na damu inachirizika ufizini. Kesho yake yuko kwenye kiti cha daktari wa meno. Daktari anamgusisha pamba yenye baridi kali kwenye jino, mtoto anatikisa kichwa: hasikii kitu. Anajaribu kwa kifaa cha umeme, kimya vilevile. Mama, ambaye hajalala vizuri usiku kucha, anauliza: "Dokta, jino limekufa?"

Jibu la kweli siku hiyo ni kwamba bado hakuna anayejua, na pamba ile haina uwezo wa kutuambia. Nalisema hili mapema kwa sababu jibu la haraka kwa swali la mama huyo limewaponza watoto wengi. Jino ambalo lingejiponya lenyewe hutobolewa, kiini chake hutolewa, na mtoto hubaki na mzizi mwembamba usiokomaa kwa maisha yake yote.

Tuanze na kilicho ndani. Chini ya enameli, yaani ganda gumu la nje, na dentini, tabaka linaloifuata, kuna chumba chembamba chenye nyama laini. Mtaani tunaiita "mshipa": utasikia mtu akisema alitolewa mshipa, au mshipa wake uliuawa. Jina hilo limetusaidia kuelewana, lakini limezaa mkanganyiko pia, maana humo ndani mna mishipa ya aina mbili, kila mmoja na kazi yake. Nitaiita nyama hiyo kiini cha jino. Mishipa ya damu huleta oksijeni na chakula. Huo ndio uhai wa kiini. Mishipa ya fahamu hupeleka habari za baridi na maumivu kwenye ubongo. Yote huingia kupitia tundu la kwenye ncha ya mzizi, ndani kabisa ya mfupa wa taya. Jino likisukumwa, hapo ndipo mishipa huvutwa, hubanwa au hukatika.

Vipimo tulivyonavyo kwenye kliniki karibu vyote huuliza mishipa ya fahamu peke yake. Havijui lolote kuhusu damu. Ni sawa na kupiga hodi kwenye nyumba: usipoitikiwa, huwezi kuwatangazia majirani kwamba mwenye nyumba amefariki. Huenda amelala, huenda yuko uani, huenda ndiyo kwanza anajikokota kuja mlangoni. Wataalamu hutenganisha kipimo cha hisia na kipimo cha uhai. Kwenye maongezi ya kila siku ya kliniki vyote viwili huitwa kipimo cha uhai, na kosa hilo la kuita ndilo huzaa kosa la kutibu.

Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, Bhaskar na Rappaport, walieleza meno 25 ya mbele yaliyokuwa yameumia na hayakujibu vipimo vya kawaida. Yalipofunguliwa, nyama ya ndani ilikutwa hai. Hayo ni meno ambayo, kwa kufuata pamba na umeme tu, yangeandikwa kwenye faili kuwa yamekufa. Nusu karne imepita tangu hapo na bado tunahitaji kukumbushana.

Kwa mtu mzima mshtuko wa ajali unaweza kuinyamazisha mishipa ya fahamu kwa wiki kadhaa, mara nyingi hadi miezi 3, na wakati mwingine zaidi, huku damu ikiendelea kupita. Kwa mtoto kuna sababu nyingine juu ya hiyo. Meno makubwa ya mbele ya juu huota kati ya miaka 7 na 8, lakini kuota si kukomaa. Wakati jino linachungulia ufizini, mzizi wake bado ni mfupi, kuta zake nyembamba, na ncha yake iko wazi mithili ya mdomo wa tarumbeta. Huchukua miaka kama 3 hivi kufunga. Mishipa ya fahamu nayo huingia polepole: ile inayobeba hisia kali za haraka, ambayo ndiyo kifaa cha umeme huiamsha, huendelea kuongezeka kwa miaka 4 hadi 5 baada ya jino kuota. Kwa hiyo mtoto wa miaka 7 mwenye jino zima kabisa, ambalo halijawahi kuguswa na chochote, anaweza kuwekewa umeme asisikie kitu. Ukimpima jino lililoumia likakaa kimya, umejifunza nini? Karibu hakuna.

Baridi ni rafiki mzuri zaidi kwa meno haya machanga, na inafaa kujua sababu. Ndani ya dentini kuna mirija midogo isiyoonekana kwa macho, imejaa majimaji. Baridi ikigusa jino, majimaji hayo husinyaa na kusogea ghafla, na mwendo huo ndio unaotekenya ncha za mishipa ya fahamu. Maelezo haya tunadaiwa na Martin Brännström wa Sweden. Ndiyo maana mtu hushtuka kabla ubaridi wenyewe haujafika kwenye kiini. Lakini baridi zinatofautiana. Kipande cha barafu, nyuzi sifuri, ni dhaifu na huyeyuka kikadondoka kwenye ufizi, kisha mtoto anasema anasikia baridi nawe hujui anaisikia wapi. Dawa ya kupuliza ambayo siku hizi hupatikana kwenye kliniki nyingi hufika nyuzi 26 chini ya sifuri. Hupulizwa kwenye pamba, si kwenye jino moja kwa moja, na pamba ndiyo inayogusishwa mbele ya jino. Theluji ya kaboni dayoksaidi hufika nyuzi 78 chini ya sifuri na ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ila vifaa vyake si vya kila kliniki.

Kifaa cha umeme kina namba kwenye kioo chake, na namba huvutia imani. Mzazi akiona 40 leo na 55 mwezi ujao hudhani hali imebadilika kwa kiasi hicho. Sivyo. Namba hizo hazipimi afya. Zinasema tu kwamba mgonjwa alihisi kitu mkondo ulipofikia kiwango fulani, na kiwango hicho hubadilika kutegemea jino limekaushwa vipi, ncha ya kifaa imewekwa wapi, na mtoto alikuwa na hofu kiasi gani. Umeme pia hudanganya kwa upande wa pili: ukipita kwenye mate, kwenye ufizi, au kwenye waya wa kushikiza meno yaliyolegea, mtoto atasema anasikia ilhali kiini cha jino kimeoza. Hata usaha ulio ndani ya jino unaweza kupitisha umeme.

Halafu yupo mtoto mwenyewe, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu vitabu hupapita haraka. Watoto wetu wengi wamelelewa kumwitikia mkubwa. Ukimuuliza mtoto wa darasa la pili, "Unasikia baridi, eeh?", atasema ndiyo, kwa heshima tu. Mwingine anaogopa sindano. Ameshapiga hesabu kwamba akisema anasikia, atachomwa, kwa hiyo anakana. Hakuna anayedanganya hapo kwa nia mbaya. Njia ninayoiamini ni kuanza na jino zima ili mtoto ajue hisia yenyewe ikoje, na kukubaliana naye ishara: "Ukianza kusikia kitu, nyanyua mkono, nami nitatoa hapohapo." Ahadi hiyo lazima itimizwe mara ya kwanza, la sivyo huna mgonjwa tena. Kati ya majaribio, pamba isiyo na baridi igusishwe kimyakimya. Mtoto akinyanyua mkono kwa pamba kavu, tunajua majibu mengine nayo yanahitaji tahadhari. Na jino la kulinganishia lisiwe la jirani bila kufikiri, maana aliyeanguka kwa uso huenda meno yote mawili ya mbele yaliumia. Kwa umri huo meno ya mbele ya chini mara nyingi hufaa zaidi.

Sasa, kama ukimya si ushahidi, ushahidi ni nini? Chama cha kimataifa cha wataalamu wa majeraha ya meno, IADT, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinasema kutojibu kipimo peke yake hakutoshi kutangaza kifo cha kiini. Zinahitajika angalau dalili mbili. Dalili hizo ni kama maumivu yanayokuja yenyewe, jino kuuma likigongwa taratibu baada ya wiki za mwanzo kupita, uvimbe, kijipu kidogo ufizini kinachotoa usaha, jino kuwa la kijivu likabaki hivyo, mfupa kuliwa kuzunguka ncha ya mzizi kwenye picha ya eksirei, au mzizi kuacha kukua.

Rangi huwatisha wazazi kuliko kitu kingine, nami nawaelewa. Ni jino la mbele, ni sura ya mtoto. Lakini rangi ina mambo yake. Siku chache baada ya ajali jino linaweza kuwa na wekundu wa waridi kwa sababu damu imevuja ndani, kisha likawa kijivu, kisha baada ya miezi likarudi kuwa jeupe. Baadhi ya meno yenye mzizi uliokomaa huonyesha hata kivuli kwenye ncha ya mzizi katika eksirei, kivuli kinachofanana kabisa na cha jino lililooza, na baada ya mwaka hivi hutoweka bila mkono wa mtu. Frances Andreasen, daktari wa Denmark, alilieleza jambo hili mwaka 1986. Mwili unakula kidogo pembeni ya mishipa ili kupata njia ya kupitisha mipya. Anayetoboa jino katika kipindi hicho anaingilia ukarabati unaoendelea.

Rangi ya manjano ni habari nyingine kabisa. Miezi au mwaka baada ya ajali, jino likianza kuwa la manjano kuliko wenzake, kwa kawaida maana yake ni kwamba kiini kiko hai na kinajenga dentini kwa kasi hadi chumba chake kinajaa. Kipimo cha baridi kitapungua nguvu au kukaa kimya, kwa sababu hakuna nafasi iliyobaki. Jino la manjano lisiloitikia, bila dalili nyingine, liachwe. Unjano unaweza kushughulikiwa kwa njia za urembo mtoto akishakua.

Kuna kitu kimoja ambacho kwa maoni yangu kina uzito kuliko pamba, umeme na rangi vikiwekwa pamoja: mzizi unaoendelea kukua. Jino la mtoto lina zawadi hii ambayo la mtu mzima halina. Piga eksirei siku ya ajali, piga tena baada ya miezi, zitandaze mbili hizo pamoja na picha ya jino la upande wa pili. Kuta zikiwa zimenenepa na ncha imeanza kujifunga sambamba na mwenzake, kiini kinafanya kazi. Maiti haijengi nyumba. Lakini mzizi ukiwa umesimama palepale huku wa jirani ukisonga mbele, hiyo ni dalili nzito. Picha ya kwanza ndiyo msingi wa yote haya, na ndiyo inayopotea mara nyingi kuliko zote.

Aina ya ajali nayo inasema mengi kabla hata ya kipimo. Mwaka 1985 Frances Andreasen na mwenzake Vestergaard Pedersen walichapisha matokeo ya meno ya kudumu 637 yaliyofuatiliwa Copenhagen. Meno yaliyogongwa tu bila kulegea, kiini kilikufa kwa asilimia 3. Yaliyolegea bila kuhama, asilimia 6. Yaliyochomoka kidogo, 26. Yaliyosukumwa upande, 58. Yaliyozamishwa ndani ya taya, 85. Ndani ya kila kundi, mzizi wenye ncha wazi ulikuwa na bahati kubwa zaidi kuliko uliofungwa. Sababu yake inaeleweka: mlango ukiwa mpana, zaidi ya milimita moja, mishipa mipya ya damu inaweza kuota kuingia ndani, takriban nusu milimita kwa siku. Ncha iliyofungwa ni tundu la sindano. Mshipa uliokatika pale kwa kawaida haurudi.

Nimesisitiza subira, na sasa lazima niseme mahali ambapo subira ni hatari. Kiini kikifa na bakteria wakaingia, sumu yao hupenya kwenye mirija ile ya dentini hadi nje ya mzizi, na kama ngozi ya mzizi ilichubuka wakati wa ajali, mwili huanza kuula mzizi wenyewe. Kwa mtoto mirija ni mipana na kuta ni nyembamba, hivyo ulaji huu huenda kasi mno. Unaweza kuonekana kwenye eksirei ndani ya wiki chache, na baada ya miezi michache mzizi ukawa haupo. Jino lililozamishwa, au lililong'oka likarudishwa, ndilo lililo hatarini zaidi. Jino kama hilo likiwa na mzizi uliokomaa halisubiriwi. Kiini chake hutolewa mapema, ndani ya wiki mbili hivi baada ya kurudishwa. Likiwa na ncha wazi linapewa nafasi, lakini kwa kuchunguliwa mara kwa mara, na dalili ya kwanza ya ulaji inatosha kuanza matibabu siku hiyohiyo. Kusubiri bila kuangalia ni kumtelekeza mtoto.

Kama tungeweza kuuliza damu moja kwa moja, mengi ya haya yangerahisishwa. Vifaa vipo. Kimoja hutumia leza na kanuni ya Doppler, ileile inayofanya honi ya gari isikike kwa sauti tofauti linapokuja na linapoondoka. Mwanga unaogonga chembe za damu zinazotembea hurudi ukiwa umebadilika kidogo, na kifaa husoma mabadiliko hayo. Gazelius na wenzake wa Sweden walikitumia kwenye meno ya binadamu mwaka 1986, na baadaye wakaonyesha meno yaliyosukumwa ambayo damu ilirudi mapema huku majibu ya umeme yakichelewa kwa miezi. Kwa mtoto anayeogopa hakuna cha kujibu wala kuuma, anakaa tu. Shida ni kwamba kifaa ni ghali, kinahitaji kushikwa bila kutikisika hata kidogo, husoma damu ya ufizi kama hukuikinga, na jino lililojaa damu iliyoganda huzuia mwanga.

Kingine kinafahamika na wengi tangu wakati wa UVIKO-19: kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Hutumia mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Kikitengenezewa kishikio cha kukaa kwenye jino, kinaweza kuonyesha kama kuna damu yenye oksijeni ndani. Kwenye jino zima namba huwa chini kuliko kidoleni, kwenye 80 hivi badala ya 97 au 98, kwa sababu dentini hutawanya mwanga. Cha kidoleni chenyewe hakikai kwenye jino la mtoto, kwa hiyo nawasihi wazazi wasijaribu nyumbani. Naamini hapa ndipo matumaini yetu yalipo, kwa kuwa teknolojia hii ni nafuu kuliko leza, na vyuo vyetu vinavyofundisha udaktari wa meno, Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi vikiwemo, vina watoto wa kutosha wanaoihitaji.

Na likithibitika limekufa? Si lazima ling'olewe. Zamani mfereji wa ndani ya mzizi ulijazwa dawa ya kalsiamu mara kwa mara kwa miezi hadi ncha ijifunge. Siku hizi ncha huzibwa kwa saruji maalumu ya meno, au hujaribiwa njia ya kuamsha damu iingie upya. Lakini kuta hubaki nyembamba kama zilivyokuwa siku kiini kilipokufa, au hunenepa kwa kubahatisha, na jino linaweza kuvunjika shingoni kwa pigo dogo la baadaye. Kila mwezi ambao kiini kimebaki hai ni mwezi wa kuta kunenepa. Ndiyo maana hata jino lililovunjika hadi kiini kikaonekana chekundu, kwa mtoto hatukimbilii kukitoa chote. Hukatwa milimita 2 za juu, kikafunikwa, kikaachwa kiendelee na kazi. Miomir Cvek wa Stockholm alionyesha mwaka 1978 kwamba njia hiyo hufaulu kwa zaidi ya meno 9 katika kila 10.

Turudi kwa mama yule. Jino la mwanawe lililegea bila kuhama. Daktari atamwambia arudi baada ya wiki 2, kisha wiki 12, kisha miezi 6, kisha mwaka mmoja. Lingekuwa limesukumwa upande, ratiba ingekuwa ndefu zaidi, mwaka hadi mwaka kwa miaka 5 angalau. Ninajua nauli, foleni na ruhusa za kazini, na ninajua kwamba mtoto asipolalamika, tarehe ya tatu husahaulika. Jino linalokufa kimyakimya haliumi. Kati ya tarehe hizo, amnyanyue mtoto mdomo wa juu mara moja kwa wiki mbele ya dirisha lenye mwanga, aangalie rangi na aangalie ufizi ulio juu ya jino kama kuna kijipele. Akikiona, asingoje tarehe. Ile picha ya eksirei ya siku ya kwanza aiombe, aipige picha kwa simu pamoja na karatasi iliyoandikwa tarehe ya ajali, aihifadhi mahali ambapo ataipata mtoto akiwa na miaka 13, hata kama watakuwa wamehama mji na daktari ni mwingine.